Kilo Saba za Mkononi

Jumatano, 5 Novemba

Kilo saba na gramu mia nane. Nimetoa hata karatasi ya maelekezo, nikaning'iniza tena kwenye mzani. Ile ile. Mwisho ni saba.

Nguo nilizonunua soko la Shahe zimeshafika kwa wakala wa kontena. Begi kubwa limejaa mpaka kilo ya mwisho. Kilichobaki hapa chumbani ni mashine ya oksijeni ya Zuhura na betri zake mbili, ndani ya mfuko wa kitambaa usio na uzito wowote. Laoban, mwenye duka Mchina aliyeniuzia, alirudia mara tatu: betri hizi marufuku kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege, lazima mkononi. Na mashine nisiikabidhi, huko chini wanarusha.

Betri moja inadumu saa mbili. Umeme wa Mbagala ukikatika kwa saa nne, moja haitoshi.

Nimekunywa chai, nikapima tena. Mjinga.

Alhamisi, 6 Novemba

Zuhura ni mke mwenzangu. Yeye mkubwa. Marehemu mume wetu alikaa naye miaka kumi na moja kabla ya kunioa mimi. Tangu hapo tunasalimiana kwa kupima maneno. Msibani alikaa mkeka wake na wanawe, mimi wangu na binti yangu Salma. Tangu arobaini sikukanyaga kwake mpaka mwezi wa nane, Salma aliponiburuta.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango. Alitaka kusema karibu. Alisema "ka", akapumzika, akamalizia. Miaka thelathini ya kukaanga vitumbua kwa kuni kwenye jiko dogo lisilo na dirisha. Mapafu yamekwisha.

Hakuniomba kitu. Hakuna aliyenituma. Simpendi. Nimeinunua hata hivyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemsindikiza Mama Béatrice uwanja wa ndege. Ni Mkongo wa Lubumbashi, chumba cha jirani, tunakula pamoja kwenye migahawa ya mtaa wa Dengfeng. Shirika la ndege ni lile lile nitakalopanda mimi. Nilitaka kuona wanavyofanya.

Alivaa makoti matatu. Mifuko yote imejaa vitenge na chaja. Njia nzima ananifundisha: vaa tu, ma chère, mpenzi wangu, mwili haupimwi.

Dada wa kaunta alimtazama kuanzia shingoni mpaka magotini. Msichana mdogo, nywele zimefungwa nyuma, hana kelele. Alimwomba avue makoti yote, ayaweke begini, begi mzanini. Kilo kumi na moja. Mama Béatrice alicheka, akajaribu Kifaransa, akajaribu kulia. Msichana akasubiri mpaka amalize, kisha akaonyesha tena mzani. Waliokuwa mbele yetu, Wachina watupu, walipimwa vile vile. Hata mzee mwenye kikapu.

Vitenge na viatu vya kanisani vya mjukuu wake ameniachia mimi. Kana kwamba mimi ndiye mwenye nafasi. Nitavipeleka kwa wakala wa kontena.

Nimerudi kwa treni ya metro.

Jumapili, 9 Novemba

Kijana wa mapokezi hotelini amelipigia simu shirika la ndege. Vifaa vya mgonjwa havihesabiwi kwenye kilo saba. Nikashukuru Mungu. Kisha wakauliza: mgonjwa ndiye abiria? Siye. Basi ni mzigo kama mzigo mwingine.

Nikaamua mgonjwa nitakuwa mimi. Nilikohoa mbele ya kioo. Nakohoa vizuri, kikohozi cha Zuhura nimekisikia vya kutosha. Kijana akauliza tena kwa niaba yangu: abiria mgonjwa wa mapafu bila cheti cha daktari haruhusiwi kupanda kabisa.

Basi. Na nimeona aibu. Kuigiza kikohozi cha mtu anayekikohoa kweli.

Mchana Salma alipiga simu. Mama mkubwa alilazwa siku tatu, ametoka leo. Mtungi wa oksijeni wa kukodi unakwisha Alhamisi. Salma amemwambia kuhusu mashine. Nikauliza amesemaje.

Amesema nimfungie dirisha tu, mama.

Jumanne, 11 Novemba

Naandika ndani ya ndege.

Nilichagua foleni ya mbali. Wakafunga kaunta ile, tukahamishiwa kwa msichana yule yule.

Niliweka mfuko mzanini mwenyewe. Saba nukta nane. Akatikisa kichwa. Nilimweleza kwa Kiingereza changu na Kichina cha sokoni: mashine ya kupumulia, betri haziwezi kwenda chini. Alijua. Akasema mashine iende chini, betri nibaki nazo. Nikasema itavunjika. Akasema basi niache betri moja. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia, ningepata pa kumwaga hasira. Badala yake nikalia. Si kama Mama Béatrice. Nililia kweli, na foleni yote inaniangalia.

"Mashine ni ya nani?" akauliza.

Neno mke mwenza kwa Kichina silijui. Nikasema jiejie. Dada yangu mkubwa.

Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja wa Kichina mwenye begi dogo la mgongoni, asiyesubiri kuulizwa. Alisogea, akaichukua betri moja, akavaa miwani, akasoma maandishi yote pande zote mbili. Akamsemesha msichana. Kisha akagonga kifua chake na kusema neno moja ninalolijua: mke wangu. Akafanya mkono hivi, wa kwaheri; nikaelewa mapafu yalimchukua.

Msichana akaweka begi la mzee mzanini. Kilo tatu, majani ya chai na sweta. Anakwenda Dar kwa mwanawe fundi. Msichana akamuuliza kama amekubali kwa hiari yake kubeba kitu cha mtu mwingine. Mzee akajibu kwa sauti, kama mahakamani. Betri ikaingia begini. Lake nne kasoro. Mfuko wangu saba kamili. Msichana akaubandika kibandiko.

"Saba," akasema, na nadhani alitabasamu.

Mzee amekaa safu mbili mbele. Begi hakuliweka juu. Amelipakata. Jina lake sijalishika vizuri na naona haya kumuuliza mara ya tatu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mbagala. Jana uwanjani mzee alinikabidhi betri kwa mikono miwili, akaenda na mwanawe.

Asubuhi Salma alisoma maelekezo, mimi nikavuta waya. Zuhura alikuwa kitandani ananiangalia. Nilimvalisha kile kimrija cha puani mwenyewe. Ni mara yangu ya kwanza kumgusa uso. Una joto. Mashine ikaanza kunguruma taratibu.

Nilikunja nguo zilizokuwa kwenye kiti ili nipate pa kukaa. Baada ya muda midomo yake ikarudi rangi. Alilala. Alipoamka jua lilikuwa limefika dirishani na mimi bado nipo.

"Mama Salma," akasema, kwa pumzi moja. "Hujala."

Akamwita mwanawe anipakulie.