Upande wa Kufuli

3 Februari

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Natumaini goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Naomba radhi sana kwa kuchelewa kukujibu. Si uvivu wala kukusahau; sina njia ya kufika posta.

Unakumbuka nilipoteleza bafuni baada ya kumzika wifi yako, mwanangu akanichukua nipumzike kwake wiki moja. Mwaka umepita, na wiki hiyo haijaisha. Asubuhi wakiondoka wote, mlango wa chuma hufungwa kwa nje kwa kufuli. "Ni kwa usalama wako, Baba," husema, wala hasemi uongo. Nakula vizuri. Ila dirisha langu latazama ukuta wa jirani, na ukuta huo nimeshamaliza kuusoma.

Faraja yangu ni mjukuu wetu, Chiriku. Jioni namfundisha Kiingereza. Tumefika kwenye nomino za kawaida na nomino za pekee. Mji wowote tu huanza kwa herufi ndogo. Mji wenye jina hupewa kubwa.

Natamani kurudi kwangu, lakini sijui nilisemeje nisionekane mtovu wa shukrani.

Barua hii naipenyeza kwenye nondo za dirisha, aichukue mama mfua nguo wa jirani.

Kaka yako

20 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Goti linanung'unika kama mke mwenza, lakini linatembea. Barua imefika inanukia sabuni. Nimelia, kisha nikacheka: wewe uliyekuwa ukitufungia nje tukichelewa sala ya jioni, leo umefungiwa ndani!

Sasa sikiliza. Mwanao ameleta fundi anapaka rangi nyumba yako, hapa ukutani kwangu. Fundi anasema mpangaji anaingia mwanzo wa Aprili. Vyombo vya wifi vilitiwa magunia, nimevihamishia kwangu. Hukuambiwa, eti? Mpangaji akishatundika mapazia yake, huna pa kurudi tena. Sema, Kaka! Mficha uchi hazai. Hiyo adabu yako itakuzika ungali hai.

Mdogo wako

24 Machi

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu tena, na radhi tena, maana nimechelewa kuliko mara ya kwanza. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mto, na kila jioni nilifungua kinywa nikakifunga.

Juzi mezani Chiriku alitusomea zoezi lake. Nilimwambia apange majina ya nyumba hii pande mbili. Upande wa nomino za pekee aliweka jina la baba yake, la mama yake, la mdoli, hata la paka wa jirani. Upande wa nomino za kawaida: mlango, sufuria, kufuli, babu.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "umeniweka pamoja na kufuli?"

"Si ulisema kila mwenye jina aende huku? Wewe unaitwa nani, Babu?"

Mkwe wangu akamkemea: "Shika adabu! Jina la babu halitajwi."

"Mbona la paka linatajwa?"

Hakuna aliyecheka. Dada, ni heshima tu: mkwe hanitaji, mwanangu hanitaji, hata wewe waniita Kaka. Aliyekuwa akiniita kwa jina ni marehemu peke yake. Mwanangu akaweka kijiko chini. Akamtajia mwanawe jina langu, lote, taratibu, kwa sauti ileile ya marehemu mama yake. Nami nikaitika, "Naam," kama naitwa toka jikoni kwangu.

Hapo ndipo nikasema. "Mwanangu, mwenye jina hilo ana nyumba yake. Nirudishe."

"Ukianguka tena, Baba, nani atakuokota?"

"Nitaanguka kwangu. Shangazi yako yuko ukuta kwa ukuta, na kelele zake unazijua."

Alimaliza chai yake, akainuka. Asubuhi alikwenda kazini, na kufuli lilibaki mezani, limefunguliwa, ufunguo ndani yake. Mpangaji ameshaambiwa atafute kwingine. Tafadhali mwombe radhi kwa niaba yangu.

Unanijua, sijawahi kufika kwa mtu bila kutanguliza barua. Safari hii usimtafute mama mfua nguo. Mletaji wa barua hii ni mimi mwenyewe, nimesimama mlangoni pako. Isome kwanza, ndipo uniambie karibu.

Kaka yako