Usimlete Jumapili

Mogitu,
11 Julai 2024.

Kwako mama yangu Bernadina,

Shikamoo mama. Ni mimi mwanao Imakulata. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mguu wako umepoa. Huku hatujambo, Hermani yuko shambani anavuna mahindi, anakuamkia. Agatha wangu je, ameongeza meno? Uliniambia anatembea mpaka kwa jirani bila kushika ukuta. Nilifurahi, halafu nikahesabu kwamba ni miezi kumi na mmoja tangu ulipomfunga mgongoni ukaondoka naye kwenda huko kijijini Daudi, mimi nikiwa mgonjwa, sijui hata jina lake.

Nimeandika kwa sababu simu ya huko inasikilizwa na nyumba nzima. Naomba usome mwenyewe.

Kwanza nikueleze kuhusu kikundi. Tunakutana kila Jumanne kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa, watu wazima tisa, wote tumeugua ugonjwa wa akili. Mwenyekiti ni Judica, muuza maharage. Hakuna anayetufundisha, tunaambiana tu wenyewe. Utaratibu wetu ni kwamba kila mtu anasema mbele ya wenzake ugonjwa ukitaka kurudi huwa anaanzaje, halafu anapewa mtu wa kumwangalia. Mimi nilisema huwa naacha kusalimia. Si kiburi, ila watu siwaoni, nawapita kama nguzo. Nikapewa mzee Gidahosh, mfugaji, ambaye alipougua alikuwa anawakimbia ng'ombe wake mwenyewe. Moyoni sikumtaka. Yeye aliwahi kumwaga vidonge vyake zizini akidai vinamlaza. Judica humtania kwamba ndiyo maana mbuzi wake ni wapole kuliko wote wa Hanang. Anayecheka wa kwanza ni mzee mwenyewe.

Sasa mama, wiki mbili zilizopita nilimpita mzee huyo bombani bila kumwamkia. Kesho yake tena. Siku ya tatu nilimpita kwenye mashine ya kusaga, watu wakaguna, wakasema mke wa Hermani amekosa adabu siku hizi. Yeye hakuguna. Alinifuata mpaka nyumbani, akakaa jikoni, fimbo magotini. Akasema kwao mke wa mtoto akimpita mzee namna hiyo huitiwa kikao akatozwa asali, lakini yeye hakufuata asali. Nimletee kikopo cha dawa. Nikamwambia nimekisahau kwa jirani. Akasema hakuna shida, atasubiri, leo ng'ombe wana mchungaji. Akasubiri kweli, mpaka maharage yakaiva. Nikakileta. Kilikuwa kimejaa.

Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini, nikamjibu. Akanipeleka zahanati kwa miguu, yeye mbele, kila mara anageuka kuona kama bado nipo. Nimeanza tena dawa, leo ni siku ya kumi na moja. Hermani naye nimemweleza.

Hilo nililomjibu mzee ndilo nataka ulijue na wewe. Mwezi wa tano uliponiuliza kwenye simu kama nimemaliza dawa, nilisema nimemaliza. Ulifurahi sana mama, ukasema basi tukianza kuvuna utamleta mtoto. Nilikudanganya. Nilikuwa nakunywa kila siku. Ulipokata simu nikaona bora niache kweli, ili siku ya kuja usinikute na kikopo. Nesi anasema dawa hizi hazina kumaliza kama za malaria, huenda nikazinywa miaka mingi.

Kwa hiyo usimlete Jumapili kama ulivyopanga. Neno hilo nimelikata mara mbili, sasa nimeliacha. Nesi ameomba tusubiri mwezi mmoja.

Ila wewe njoo, peke yako, Jumanne yoyote. Wazazi wanaruhusiwa kukaa na sisi. Utuangalie tulivyo. Ukiona mtoto anaweza kulelewa na mama anayekunywa dawa kila siku, utarudi kumchukua umlete. Ukiona haiwezekani, uniambie usoni, mbele ya wenzangu, nami nitakusikia. Lakini mimi naona inawezekana mama, na nimeshamwomba Hermani atengeneze kitanda.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Agatha umwonyeshe picha yangu, ili asinikimbie.

Mwanao akupendaye,
Imakulata