Kihariri Kisichopiga Magoti kwa Mgeni

S.L.P. 61,
Garissa.
20 Desemba 1997

Mpendwa ndugu yangu Dagane,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Leicester? Saado na watoto hawajambo? Nasikia jua kwenu huchomoza saa tatu na kuzama saa tisa, kama karani wa serikali. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila tumelowa. Usinicheke kwa kukuandikia Kiswahili: Kisomali nakisema tangu tumboni, lakini kukiandika, wewe na mimi tulifundishwa na nani?

Mvua hii wanaiita El Niño. Mto Tana umetoka kitandani mwake ukaingia mashambani. Barabara ya Nairobi imekatika, na ya Modogashe imegeuka bwawa lenye malori katikati. Mbuzi wanaharibu mimba, na watu wanaugua homa ambayo bado hatujaambiwa jina lake. Mji umekuwa kisiwa, sisi watu tusiojua kuogelea. Ukitaka kutoka, unangoja ndege ya msaada na unaomba nafasi juu ya magunia.

Sasa nikwambie jinsi nilivyokwama mimi, maana maji si kosa langu, lakini lile jingine ni la kwangu na lako.

Unakumbuka ulipotuwekea ile mashine ofisini kabla hujasafiri, ukaniachia disketi zenye vihariri vya kuandikia programu? Ulinipa na historia yake kama anayemtambulishia mtu ukoo wa mke. Mkubwa wao ni ed, anayeshughulika na mstari mmoja mmoja wala hakuonyeshi ukurasa. Ukikosea anakujibu kwa alama ya kuuliza tu, basi, kama mkwe wangu. Akafuata vi, mwepesi, mwenye hali mbili: moja ya kuamuru na moja ya kuandika. Ukisahau uko katika hali gani, anameza maneno yako. Halafu Emacs, ambaye tangu mwanzo alitengenezwa ili mtumiaji amwongezee viungo akiwa anatembea, kwa lugha yake yenye mabano mengi kuliko miiba ya mgunga. Ukasema wako na wengine, huyu ana amri za kujitungia, yule ni vi aliyeongezewa nguvu, na kila kabila husifu wake.

Wewe ulichagua vi, mtu wa kusafiri na mswaki tu mfukoni, ndiyo maana uko Leicester. Mimi nikachagua Emacs, nikampakia nyumba nzima. Nawe ndiye uliyeniandikia: “Anza na kitufe kimoja tu, uone raha yake.”

Nilianza na kimoja. Kitufe cha kutokea kilikuwa karibu mno na kidole changu kizembe, nikakihamisha. Palipobaki wazi nikaweka cha kufuta. Palipokuwa cha kufuta nikaweka cha kuchapisha. Nikaunda amri za kuandika mahindi, maharagwe na mafuta kwa herufi mojamoja. Mwisho, Mungu anisamehe, hesabu yote ya mgawo wa chakula cha wakimbizi wa kambi ya Hagadera nikaiweka ndani ya kihariri chenyewe. Programu ya nje ya nini, nami nina ngamia anayejua njia? Wageni walisimama nyuma yangu wakisema, “Mwalimu, vidole vyako vinacheza!” Nami nikavimba kichwa.

Basi, Shamso wangu akachumbiwa na Abdiwali, kijana wa heshima anayefanya kazi Mandera. Nikaha ikapangwa Bute, kwa Fatumo mama yake Shamso, Ijumaa ya jana, maana kijana alitakiwa kazini kabla ya mwezi mtukufu. Mimi ndimi walii, wa kumwozesha. Binti ninaye mmoja, Dagane. Mkono nilitaka kuushika mwenyewe.

Ndege ya kwenda Wajir ilikuwa Alhamisi, na nilishaahidiwa gunia la kukalia. Ofisi ikamleta Kaaha anipokee kazi, binti wa hapa Garissa aliyesomea programu Nairobi. Akaketi, akataka kufuta mstari mmoja tu. Printa ikaamka, karatasi zikamiminika hadi sakafuni.

“Adeer!” akapiga kelele, kana kwamba mimi ni ami yake. “Nimefuta mstari, imechapa Hagadera nzima!”

“Usiguse kitu. Toka tu.”

“Natokaje? Kitufe cha kutoka kimeenda wapi?”

“Nilikihamisha.”

“Ukakipeleka Mogadishu?”

Tukaifungua Emacs tupu, bila nyongeza zangu. Kaaha akaiendesha vizuri kabisa, ila hesabu ya mgawo haikuwamo, kwa kuwa nilikuwa nimeipachika ndani ya nyongeza hizo hizo. Na mimi, ndugu yangu, katika Emacs tupu vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu anayetafuta kiatu gizani.

Mkuu wetu, Bwana Mutinda, si mtu mbaya. Alizitazama zile karatasi, akanitazama mimi. “Mwalimu, malori yakipita nitapeleka nini Hagadera, vitufe vyako? Huendi Bute mpaka huyu binti aweze kufanya hesabu hii wewe usipokuwepo.”

Nilimkumbuka ngamia wetu Qoorgaab. Wewe humsahau, maana alikutemea. Marehemu baba alimfundisha kupiga magoti kwa sauti yake peke yake ili asiibwe, na kweli hakuna aliyemwiba. Baba aliposhikwa na homa, visima vimekauka, vibanda vimekunjwa, boma zima liko tayari kuhama, yule ngamia akasimama kama mnara. Ulijaribu kuiga sauti ya baba, ukapata ulichopata. Ilibidi tumbebe mgonjwa kwenye mkeka hadi miguuni pa mnyama, aseme neno kwa koo lililokauka. Mama yako alisema siku ile, “Aliyemfunga mnyama hivi amejifunga mwenyewe.”

Wiki nzima tuliitoa ile hesabu ndani ya kihariri, kipande kwa kipande, tukaiandika upya kama programu inayosimama kwa miguu yake. Kaaha alikuwa akiuliza, “Adeer, hii inafanya nini?” nami naitazama kazi ya mikono yangu na kujibu, “Wallahi sijui, lakini ukiitoa kila kitu kinalala.” Alhamisi asubuhi ndege ilipita juu ya paa la ofisi. Sote wawili tuliinua macho, kisha tukayarudisha kwenye kioo. Programu ilikubali saa za alasiri.

Jana mimi na Kaaha tukaenda chumba cha redio. Fatumo alikuwa ameshaniambia: kama huji, mpe ndugu yako uwakili, shehe amekubali. Ndugu yetu Abdow alikuwa kwenye redio ya zahanati ya Bute pamoja na shehe na mashahidi. Shehe akasema mtu yeyote anaweza kudai ni Bishar. Hapo ndugu yetu akauliza, vituo vyote kuanzia Wajir hadi Mandera vikisikia:

“Qoorgaab alipomtemea Dagane, ulisema nini? Ova.”

“Nilisema ngamia ana adabu, amemkaribisha mgeni kwa maji. Ova.”

Bute walicheka mpaka redio ikakwaruza. Kwa hiyo, ndugu yangu, ile aibu yako ndiyo iliyokuwa kitambulisho changu.

Kisha nikasema kwamba mimi Bishar nimemfanya ndugu yangu Abdow wakili wangu, amwozeshe binti yangu Shamso kwa Abdiwali. Maneno yenyewe ni machache. Nilipoyamaliza sikusema ova. Bute wakingoja, Wajir wakingoja, nami nimekibana kile kitufe cha kusemea kwa kidole kisichoachia. Kaaha akainama begani kwangu, akalisema yeye: “Ova.” Akakiondoa kidole changu taratibu.

Shamso ameolewa, alhamdulillahi. Mimi bado niko hapa, natazama maji.

Asubuhi hii nimemkuta Kaaha ameifungua ile Emacs tupu, amehamisha kitufe cha kutokea. Nimemwita jina kwa ukali. Akanijibu bila kugeuka, “Adeer, ni kimoja tu.” Nimemsimulia habari za Qoorgaab tangu mwanzo. Alisikiliza vizuri, kisha akakirudisha mahali pake.

Msalimie Saado, na mdogo wenu Ramlo umbusu kipaji. Shangazi Barwaqo anakusalimu na kuuliza kama unakula. Mwenyezi Mungu awafungulie milango ya heri, na kila mlango awaachie ufunguo ndani na nje.

Mimi wako akupendaye, niliyezungukwa na maji,

Bishar