Mpinga Miujiza Anayepangiwa Foleni

Mshauri mpendwa, nisaidie, mwenzio nimekwama. Kazi yangu ni kuzunguka masokoni na mashuleni nikiumbua miujiza ya uongo, yaani nawasha pamba kwa "maji", natoa jivu kiganjani, halafu naeleza kwamba hakuna jini wala nguvu yoyote, ni kemikali na wepesi wa vidole, lakini wengi huondoka moto ukishawaka, maelezo hawayasubiri, na sasa mtaani naitwa Nabii na watu wananipangia foleni mlangoni, nikiwafukuza wanasema nabii wa kweli hana makuu. Hayo ningevumilia, ila mama mkwe wangu ana uvimbe shingoni, unakua, na hospitali hataki hata kuisikia, anasema, "Mwanangu, wewe niwekee mkono tu, hao watanikata bure," nami nimemchorea tezi ubaoni, nimemrudilia ile mbinu ya jivu polepole aone ninapolificha, akatabasamu, "Najua, siri zako huwezi kuzitoa zote." Mke wangu analia, anataka nimwekee mama yake mkono nimwambie mizimu imemtuma hospitali. Nikikubali mimi ni tapeli, nikikataa tutamzika. Nifanyeje?

Nabii kwa Kulazimishwa

Nabii, pole, na hongera pia. Wenzako wanakesha wakitafuta waumini, wewe unawapata kwa kuwakataza! Ila kwa akili zako zote hizo, nani alikutuma uanze na moto ndipo ueleze? Geuza. Eleza kwanza, uwashe baadaye.

Sasa mama mkwe. Mama wa watu amevimba shingo, wewe unamchorea tezi ubaoni. Atafanya mtihani lini? "Watanikata," umeyaandika mwenyewe maneno yake, na hukuyasikia. Huyo anaogopa kisu, basi. Mkono wako ni kisingizio chake.

Usimwekee mkono, na mizimu iache ipumzike. Ukimdanganya leo, daktari akimtaka arudi mara ya pili, atakuja kukuuliza wewe kwanza. Mkoba wa jivu uache nyumbani, kaa naye kitako, mwambie: "Mama, mimi sijui kuponya hata mafua, na naogopa utatufia." Umewahi kumwambia kwamba unaogopa? Nilijua. Mwambie kupimwa si kukatwa, na kwamba wewe na mkeo mtaingia naye ndani. Akikataa asubuhi, rudi jioni ukamwambie tena.

Foleni ya mlangoni ivunje, maonyesho yasimame kwanza. Na usiniandikie tena kabla hajaonwa na daktari.