Maneno ya Mama Kabula Niliyoyageuza

Mpanda, Alhamisi, Machi 1998

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na bati la nyumba hii ya wageni hapa Shanwe linapiga kelele hata sijisikii. Ni heri. Nataka kuandika tu, kabla sijashawishika kunyamaza tena.

Nimefika juzi na treni ya Tabora, kwa kazi ya wizara. Wahisani wanataka kuanza awamu ya pili ya visima, na mimi nimetumwa kukagua ile ya kwanza. Wamenichagua kwa sababu naijua Mpanda. Nilikaa hapa miaka minne nikiwa afisa wa miradi ya misaada, kabla ya kupandishwa cheo na kuhamia Dar es Salaam.

Cheo hicho nilikipata kijijini Kasekese, kwa sentensi moja.

Wageni wawili wa kizungu walikuja kuona kisima kipya. Asubuhi ile mkuu wangu aliniambia, "Hakikisha wanaondoka wamefurahi." Kijijini walikusanyika watu, wengi wao Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Yule mgeni mwanamke akauliza kama kuna jambo la kurekebisha. Akasimama mama mmoja, Mama Kabula, akasema kwa Kisukuma, taratibu. Mimi ni Msukuma wa Maswa. Halikunipita hata neno.

Alisema kisima kimechimbwa bondeni, mvua zikija maji ya zizini yatateremka humo. Walishawaambia mafundi, hawakusikilizwa. "Waambie wakihamishe, mwanangu, kabla ya masika."

Nikamgeukia mgeni, nikasema kwa Kiingereza: anasema wanashukuru sana, hawaendi tena mtoni.

Mgeni akamshika Mama Kabula mikono yote miwili. Wakapigwa picha. Mama Kabula akaniangalia, akatikisa kichwa kuridhia, kama mtu aliyetua mzigo.

Aliamini nimeyafikisha.

Masika yalipokuja nilikuwa tayari Dar. Habari za watu kuharisha Kasekese zilinifikia kwa barua ya ofisi, mistari michache. Niliisoma mara mbili nikaiweka kwenye faili. Tangu hapo sijakubali kumtafsiria mtu yeyote. Nasingizia mafua, nasingizia koo. Kwenye mikutano, mtu akisimama kutafsiri, namsikia yule mama akisema "mwanangu", na natoka nje kabla hajamaliza. Mke wangu anadhani ni presha.

Jana nilipita sokoni, nikamkuta Mama Kabula anauza karanga. Alinitambua kabla mimi sijamtambua. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye aliyetusemea kwa Wazungu. Wao ndio hawakutaka kusikia."

Akanieleza kwamba kisima wamekiacha, wamerudia mto. Akanieleza habari za Limi, mjukuu wake, mtoto wa Kabula, aliyeharisha siku tatu akafa. Halafu akanishukuru kwa kujaribu. Akanifungia karanga kwenye gazeti, akakataa malipo.

Nilizipokea. Nilizipokea na nikasema asante.

Leo asubuhi nimerudi sokoni, mvua ikininyeshea. Nikachuchumaa chini ya turubai lake.

"Mayu," nikamwita, maana ndivyo tunavyowaita mama zetu kwetu, "siku ile sikuyasema maneno yako."

Hakupandisha sauti. Aliniuliza nilisema nini. Nikamwambia: nilisema mnashukuru.

Akaendelea kuchambua karanga, mbovu huku, nzima kule.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Kazi yangu, Mayu."

"Hiyo kazi bado unayo?"

"Ninayo."

Akarudi kwenye karanga zake. Aliposema hakunitazama. "Siku tunamzika mtoto, nilimwambia Kabula tusilaumiane, tulisema na kuna mtu akatusemea. Neno hilo amelishika mpaka leo. Mimi siwezi kumnyang'anya. Anakuja Jumapili, tukitoka kanisani. Utamwambia mwenyewe."

Hakuniita mwanangu.

Mchana huu nimeichana ripoti niliyokuwa nimeianza, nikaandika nyingine. Nimeeleza kisima kiko wapi, nani alionya, na nani aliyageuza maneno yake. Jina langu nimeliandika kwa kirefu. Nitaituma kwa posta kesho, na wakubwa wakitaka kukichukua cheo chao, wakichukue.

Nilitegemea nikimaliza kuandika kifua kitakuwa chepesi. Hakijawa chepesi. Ripoti inakwenda kwa watu wenye viti na chai, watakunja uso, basi. Kabula sijawahi kumwona hata sura. Nitamwambia nini mwanamke ambaye nimemwachia kaburi, na sasa naenda kumnyang'anya hata faraja?

Nimefikiria treni. Kuna inayoondoka Jumamosi.

Sitaipanda. Jumapili nitakwenda. Nitasema kwa Kisukuma, yote, na nitasubiri hapo hapo mpaka naye amalize kusema yake.