Saidi Alichukua Makava

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimeiitikia mwenyewe, nikaivuta vile ulivyokuwa ukiivuta, halafu nikalia. Sasa nimemaliza kulia. Nakuandikia nikupe habari za mpwa wako Saidi, na sioni haya kwa lolote nitakalokuambia.

Siku ya arobaini yako, wageni hata hawajanawa mikono, Saidi aliingia chumbani kwako akazitoa santuri zote nje, uani. Mali ya mjomba inamfuata mpwa, alisema, ndiyo mila yetu, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Nikasema hizi tumezitafuta mimi na Baba, kijiji kwa kijiji. Akacheka. "Zuhura, mtoto wa kike na santuri wapi na wapi?" Mbele ya watu, Baba. Mama alibaki anatazama chini.

Alichagua kwa macho. Kila kava lenye picha ya wanamuziki na magitaa, lake. Yale ya kijivu, ya masomo ya Kiingereza uliyopewa na yule mwalimu mstaafu wa shule ya Chidya, aliyasukuma kwa mguu mpaka nilipokaa. Kwa mguu! "Haya mwachieni, ajifunze Kizungu." Kisha akafunga zake kwenye bodaboda, juani. Alizilaza, wewe uliyekuwa ukigomba ukikuta hata moja imelala.

Nami nikayaokota yale ya kijivu moja moja, nikayafuta vumbi. Unajua kwa nini.

Ni Saidi huyu huyu aliyeazima santuri yako akairudisha imejaa mchanga. Tangu siku ile ukaanza ujanja wako, muziki ukauficha ndani ya makava ya masomo, na masomo ukayavika makava ya muziki. "Saidi anapenda picha," uliniambia. "Mpe picha." Tulicheka, na hatukumwambia mtu, hata Mama.

Unamkumbuka yule bibi wa Lupaso aliyefunika mtungi wake kwa santuri? Ulisimama mlangoni ukashindwa hata kusalimia vizuri. Kesho yake tulirudi na mfuniko mpya wa sufuria tukabadilishana, na bibi alifurahi, akidhani ametupunja. Nyumbani ukaiosha kwa maji ya mvua, Mama akifoka kwamba watu wa Newala wanahangaikia maji ya kunywa na wewe unaogesha sahani. Ukaikausha kwa kanga yake, tena ile mpya. Sindano ikashuka, ikakwaruza kidogo, na ukatoka wimbo mliochezea harusi yenu. Mama akaacha kufoka. Sijawahi kuona furaha kama ile nyumbani kwetu, na Saidi alitaka kuibeba kwenye bodaboda.

Sasa sikia. Amefungua mgahawa Masasi, jirani na stendi. Jumamosi akaalika watu waje kusikiliza muziki wa zamani. Alikodi gramafoni na spika kwa siku hiyo tu, akawaita na wakwe zake watarajiwa. Nikashuka na basi la asubuhi, nimevaa gauni la Idi, nikaagiza soda na kukaa mbele kabisa.

Saidi aliinua kava juu ili wakwe wayaone magitaa. Sindano ikashuka. Mzungu akauliza njia ya kwenda stesheni.

Watu wakatazamana. Saidi akabadilisha haraka. Safari hii mwanamke wa Kizungu akawa anataja siku za wiki, pole pole, akisita baada ya kila moja ili wanafunzi waitikie, na mzee mmoja kule nyuma akaitikia kwa sauti. Baba, mgahawa ulivunjika kwa kicheko! Mchumba alijifunika uso kwa mtandio. Baba mkwe alifuta machozi. Nami nilicheka kuliko wote, nimemkazia macho Saidi mpaka akaniona. Hapo akaelewa.

Juzi kapanda Newala na makava yote mkononi. Kaniita dada. Anaomba tubadilishane. Nilitamani yale makava, sikatai, lakini nilimjibu kwamba mila ni mila, na mali ya mjomba imekwisha kumfuata mpwa. Mama ananiambia nimsamehe. Najua nawe ungesema, "Mwache, mwanangu." Nimewasikia nyote wawili. Simwachi.

Nakuahidi jambo moja. Kila Ijumaa Saidi huja kumwona mama yake, shangazi yangu, na dirisha letu linatazamana na baraza lao. Nitafungua dirisha, nitaweka wimbo wa harusi yenu, nitaongeza sauti. Nitamwacha asikilize vizuri, atikise na mguu. Wimbo ukikaribia pale magitaa yanapoingia, pale yeye anapopapenda, nitainua sindano.

Akishaondoka nitauanza upya, mpaka mwisho, kwa ajili yako na Mama.

Pumzika, Baba. Santuri zako zimesimama zote, hakuna iliyolala.

Mwanao,
Zuhura