Ile Moja Uliyowaambia Wanafunzi

Apua, mke mwenzangu,

Ejok, nakusalimu. Najua hutajibu. Hata ulipokuwa hai ulinijibu siku ulizopenda mwenyewe.

Ninaandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili hiki cha gumbaru ulichokuwa ukikicheka. "Mama mzima unabeba daftari kama mtoto wa nasari!" Haya, cheka. Nani atakusomea huko sijui, maana mume wetu aliyekutangulia hakujua hata kuandika jina lake. Lakini kuna neno limenikaa kooni tangu tukuzike pale kando ya laga, ule mto mkavu, na sitaki kumwambia mtu mwingine kabla yako.

Umekufa kwa kiburi. Naanza na hilo usije ukafikiri nimekuja kukulilia.

Unawakumbuka wale wasichana wawili. Nakiru, mjukuu wako, na mwenzake Furaha, yule Mkongomani wa Kalobeyei. Wanataka kusomea udaktari, basi wakatumwa kwanza kufanya utafiti miezi mitatu, wenyewe wanaita intanshipu. Wajifunze habari za uzee na maumivu yasiyoisha. Mimi nilicheka. Uzee unajifunzwa? Kaa tu, utakuja wenyewe.

Nakiru hakuruhusiwa kuuliza watu wa kwao, kwa hivyo Furaha aliuliza na Nakiru akatafsiri, kwa sababu wewe Kiswahili hukutaka kukishika. Wakatuketisha kivulini, juu ya ngozi moja, bega kwa bega. Hapo ndipo walipokosea, watoto wa watu. Nani anawaketisha wake wenza pamoja halafu anauliza nani anaumwa? Mwanamke yeyote wa Kakuma angewakataza.

Furaha akasema tutaje namba: sifuri ni huna maumivu, kumi ni maumivu yasiyobebeka. Akaanza na mimi, mke mkubwa. Magoti yangu unayajua. Nikasema nne.

Ukageuka, ukaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, ukatema tumbaku. "Nne! Kumbe mkubwa amechoka hivyo? Mimi tatu."

Nikamwambia yule msichana afute, nilihesabu vibaya, yangu ni mbili.

Na wewe, bila kupepesa macho: "Moja. Na hiyo moja ni mwiba wa jana."

Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka. Ulikuwa umenishinda, maana chini ya moja palibaki sifuri tu, na sifuri hata mbuzi wangejua ni uongo.

Sasa sikia nililokuja kusema. Nilikuwa najua.

Nyumba yako na yangu zinatazamana. Kila asubuhi nilikusikia ukiamka. Kwanza kimya. Halafu mkono wako unashika mti wa nyumba, makuti yanatikisika, halafu ile sauti ya mtu anayeinua mzigo huku ameuma meno. Si siku moja, Apua. Miezi. Kisha unatoka nje umenyooka kama askari, shanga zote shingoni, unaniita, "Bado umelala, mkubwa?" Nami najibu kwamba niliamka kabla yako, wala sikuulizi kitu.

Furaha alipoandika ile moja, mimi nilikuwa na mdomo. Ningesema, mtoto, usiandike hiyo, huyu mgongo unamuua. Sikusema. Nilijiambia, si amesema moja? Abebe moja yake.

Baadaye ndipo tukajua kwamba wote waliosema tano kwenda juu waliandikiwa karatasi, wakapelekwa Lodwar kwa daktari. Wakarudi na vidonge, wakalala usingizi. Sisi tulibaki kwenye ngozi yetu, wewe na ushindi wako, mimi na hasira yangu.

Wewe ulipofika Lodwar ulikuwa umebebwa. Daktari akasema ugonjwa uko kwenye uti wa mgongo na umekaa siku nyingi. Kukuponya pengine asingeweza, hakunificha. Lakini dawa ya kutuliza ilikuwepo. Ungelala. Ungekula ukiwa umekaa. Badala yake ulitafuna pindo la shuka ili tusikusikie. Mjinga wewe. Mjinga, na mimi mjinga wa pili, maana hata pale nilikaa kando ya kitanda nikikwambia uache kuchezea shuka la watu.

Nyumba yako imeanza kuegemea upande mmoja. Majirani wamekuja kuomba miti yake, nimewafukuza. Asubuhi naamka, nasubiri makuti yatikisike. Nasubiri kama mwehu mpaka jua linanikuta.

Na Nakiru ameacha. Hilo ndilo linaniandikisha barua. Anasema ni mdomo wake uliotafsiri ile moja, kwamba aliketi mbele ya nyanya yake mwenyewe na hakuona kitu, basi hafai kuwa daktari wa mtu. Furaha amekuja kutoka Kalobeyei na bodaboda mara mbili kumbembeleza. Hasikii. Na mimi nakaa pale nawamiminia chai, nasema, "Pole, mjukuu wangu, ni kazi ya Mungu." Kazi ya Mungu! Umeusikia mdomo huu? Nimemtwika mtoto mzigo wangu na bado nampa pole kwa uzito wake.

Ijumaa Furaha anakuja kutusomea walichoandika kabla hajakipeleka kwa walimu wao. Amenidokezea kwamba humo wamesema mabibi wa huku hawaumwi sana, wamezoea. Wamezoea! Nakiru atakuja naye, mara ya mwisho, kurudisha begi la kazi alilopewa.

Basi nakuahidi, Apua. Kabla hawajafungua karatasi yao nitamwambia Nakiru mbele ya wote kwamba nilikusikia kila asubuhi na nikanyamaza kwa sababu ya wivu wa kizee. Najua ataniangalia vipi. Ana macho yako. Akinichukia, anichukie, lakini begi lile halirudi kwa kosa langu. Halafu nitamwambia Furaha atuulize upya wanawake wote wa huku, kila mke mkubwa peke yake, kila mke mdogo peke yake, na amuulize pia yule anayelala nyumba ya pili anasikia nini asubuhi.

Kwaheri. Tumbaku yako nitakuletea Jumamosi, niiweke kwenye mawe ya kaburi lako, ile kali ya Lodwar uliyoipenda. Usiseme ni kidogo.

Na Ijumaa, wakifika kwangu, sitasema mbili. Nitasema nane, kwa sauti, hata watu wa barabarani wasikie. Ukitaka kunishinda tena, njoo useme tisa.